Kuwamba adungu na kuitia nyuzi nyumbani

Vipande vya adungu, kinubi cha Uganda, vinavyonifikia kutoka kwa fundi hutosha ndani ya gunia moja: kasha la mbao lililokwisha kuchongwa, shingo iliyopinda, ufito wa kushikia nyuzi wenye matundu 8, vigingi 8, ngozi ya ng'ombe ya kufunika mgongo, ngozi ya mbuzi ya kufunika uso, na mkanda mwembamba wa ngozi wa kushonea. Nyuzi hazimo. Hizo nanunua mwenyewe hapa Mwanza. Gunia linakuja kwa basi la kutoka Kampala kupitia Mutukula, na ningeweza kabisa kuagiza kinubi kilichokamilika, lakini mimi ni mwalimu wa kwaya, na nimeona tofauti kati ya mwanakwaya aliyekabidhiwa adungu tayari na yule aliyeiwamba kwa mikono yake. Huyu wa pili uzi ukikatika Jumamosi jioni hamtafuti mtu. Anakaa chini, anatia mwingine, Jumapili anapiga.

Adungu ni kinubi cha Waalur, wenyeji wa Nebbi na Pakwach kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambao ndugu zao wako Mahagi upande wa Kongo. Leo utaikuta Uganda nzima, makanisani na shuleni, na mara nyingi inapigwa kwa kundi, ndogo zikibeba sauti ya juu na kubwa zikipiga besi. Sisi watu wa kwaya inatufaa sana kwa sababu adungu za siku hizi hupangwa kwa do-re-mi ile ile tunayoisoma kwenye so-fa, yaani nota zetu za kuimbia. Ninayoieleza hapa ni ndogo, ya nyuzi 8.

Kabla hujalowesha chochote, kagua mbao. Anza na shingo, maana ndiyo inayobeba mzigo wote. Ielekeze kwenye mwanga utazame nyuzinyuzi za mti: zinatakiwa zifuate mpindo kutoka mwanzo hadi mwisho, kama tawi lililokua limepinda lenyewe. Shingo iliyokatwa kwa msumeno kutoka kwenye ubao ulionyooka huwa na mahali ambapo nyuzinyuzi zinakatiza mpindo, na hapo ndipo itakapovunjika. Ya namna hiyo irudishe, hata kama imepigwa rangi nzuri. Kisha angalia kama kuna ufa karibu na matundu ya vigingi. Kasha nalo lipitishie kiganja ukingoni pote. Penye makali, sugua kwa msasa namba 120 hadi pawe mviringo, kwa sababu ngozi ikikauka inavuta kwa nguvu nyingi na ukingo mkali utaikata polepole.

Sasa ngozi. Loweka vipande vyote pamoja na mkanda wake katika maji baridi usiku kucha. Maji ya moto ni marufuku: ngozi mbichi ikipata joto kali inajikunja na kuwa ngumu, wala hairudi tena. Asubuhi kunja kona ya ngozi ya mbuzi. Ikikunjika bila kutoa mlio wowote, iko tayari. Ya ng'ombe, kwa unene wake, inaweza kuhitaji saa kadhaa zaidi.

Wakati ngozi inalainika, weka ufito mahali pake, katikati ya kasha kwa urefu, na uufunge ncha zote mbili kwa uzi wa pamba usihame. Katika kila tundu la ufito chomeka njiti ya kiberiti, uiache ichomoze kama milimita 2 kwenda juu. Ngozi itakapokauka, utaona vinundu 8 vimepangana usoni mwa kinubi na utajua hasa pa kutoboa. Bila njiti hizo utabaki kupapasa na kubahatisha, na kila tundu la bahati mbaya kwenye ngozi hubaki hapo milele.

Toboa pembeni mwa ngozi zote mbili kwa msharasi, sentimita moja na nusu kutoka ukingoni, matundu yakiachana kama sentimita 3. Tandika ya ng'ombe mgongoni, ya mbuzi usoni, halafu uzishone moja kwa nyingine ubavuni mwa kasha kwa mkanda unaokwenda juu na chini. Usianzie pembe moja ukazunguka hadi mwisho, maana ngozi yote itasukumwa upande mmoja. Shikiza kwanza katikati ya ubavu wa kulia, kisha katikati ya kushoto, kisha mwisho wa chini, na baadaye jaza nafasi zilizobaki kwa kuruka upande hadi upande. Aliyewahi kuwamba ngoma anaujua mwendo huu.

Swali ninaloulizwa kila mara ni kukaza kiasi gani. Jibu langu: kaza mpaka mikunjo iishe, basi. Ngozi bado haijafanya kazi yake. Inapokauka inajivuta yenyewe, na ukishaivuta hadi mwisho ikiwa imelowa, itakapojivuta mara ya pili itapasuka kwenye matundu ya msharasi au italipasua kasha lenyewe. Kesho yake asubuhi, ikiwa bado na unyevu, pitia mkanda tena ukiondoa ulegevu uliojitokeza. Mzunguko huo wa pili ndio unaoamua sauti, na usiuruke.

Shingo ichomekwe siku ile ile ya kwanza, ngozi ikiwa laini, ili ngozi ikauke ikiikumbatia. Mguu wake unaingia kwenye pengo la juu la kasha, chini ya ngozi ya uso. Usitie gundi. Nyuzi zitakapoivuta ncha ya shingo kuelekea kwenye kasha, ukingo wa kasha utakuwa egemeo na mguu utasukumwa chini dhidi ya sakafu ya kasha. Kadiri unavyokaza nyuzi ndivyo shingo inavyokaa imara zaidi. Na siku ikihitaji kubadilishwa, unalegeza nyuzi na kuitoa, kazi ambayo gundi ingeifanya iwe ya shoka.

Kisha anika kivulini penye upepo, kasha likiwa juu ya matofali mawili ili hewa ipite chini. Juani hapana, kwa sababu uso utakauka mbele ya mgongo na kasha litapinda. Hapa kwetu kando ya ziwa huchukua siku 3 wakati wa kiangazi, na masika hata 5 au 6. Usihesabu siku tu, pima. Gusisha shavu lako kwenye ngozi: ikiwa na ubaridi, maji bado yanatoka. Igonge kwa ukucha: mlio mzito unasema subiri, mlio mkavu unaoruka unasema endelea. Ngozi ikiwa kavu, tumia wembe kukata ile sehemu inayoziba tundu la mgongoni, tundu ambalo fundi alilitoboa ili vidole viingie. Hapo ndipo utakapofungia mafundo ya nyuzi. Vinundu vya usoni vitoboe kwa msharasi, ondoa njiti, na usugue kila tundu kwa nta kidogo.

Vigingi havina siri nyingi. Kimoja kimoja kikae kwenye tundu lake kwa kubana, bila kutikisika. Kinachoteleza kipakae chaki, kinachokwama kipakae sabuni ya mche iliyo kavu. Unapokizungusha, kisukume ndani wakati huo huo.

Kuhusu nyuzi. Zamani vinubi vya Afrika Mashariki vilitiwa kano za wanyama. Leo ni nailoni, na nailoni nzuri kwa kazi hii ni mshipi wa kuvulia samaki. Ndiyo maana nanunua mwenyewe: Mwanza ni mji wa wavuvi, na Kirumba, jirani na soko la samaki la Mwaloni, hukosi mshipi wa unene unaoutaka. Nenda na kipimio au soma unene ulioandikwa kwenye roli, na uchukue mshipi wa uzi mmoja mtupu, si ule wa kusokotwa. Uliosokotwa ni imara kwa samaki lakini haulii vizuri.

Kwa kinubi chenye uzi mrefu wa sentimita 50 na mfupi wa sentimita 25, mimi hutia hivi: uzi wa kwanza na wa pili, ambao ndio mirefu, milimita 1.2; wa tatu na wa nne milimita 1.0, wa tano na wa sita 0.9, wa saba na wa nane 0.8. Mfupi kuliko wote ni ule ulio karibu kabisa na mguu wa shingo. Ukitia unene mmoja kote, nyuzi za juu zitakuwa ngumu vidoleni na za chini zitalegea hadi zigongane. Kwa mpangilio huu mvuto wa nyuzi zote ukifika mahali pake ni karibu kilo 29 kwa jumla. Hebu fikiria zaidi ya nusu ya mfuko wa saruji ukining'inia kwenye ile shingo na ile ngozi ya mbuzi mchana na usiku, ndipo utaelewa kwa nini nasisitiza kwenda taratibu.

Kata uzi wenye urefu unaozidi kwa sentimita 25 umbali wa kutoka tundu lake la ufito hadi kigingi chake. Uingize kutoka usoni, upite ngozi na ufito, uuvute nje kwa tundu la mgongoni. Mwishoni piga fundo lenye umbo la namba 8 ukifunga ndani yake kijiti kigumu cha mwanzi chenye urefu wa sentimita moja, ulowanishe fundo kwa mate na ulikaze kwa koleo. Nailoni inateleza, na fundo lililofungwa kavu hufunguka lenyewe usiku. Rudisha uzi juu hadi kijiti kikae sawasawa chini ya ufito. Upande wa kigingi, pitisha ncha kwenye kitundu chake na uzungushe mara 3 au 4, kila mzunguko ukilala kando ya mwenzake kuelekea kwenye shingo. Vigingi vyote vizunguke upande mmoja, la sivyo gizani au katikati ya ibada mpigaji atakaza alipotaka kulegeza.

Nyuzi zote 8 zikiwa zimeingia, usikimbilie kupandisha wa kwanza hadi noti yake. Zikaze zote kidogo kidogo, ziondoke ulegevu tu, ukianza za katikati kisha za pembeni. Pumzisha. Halafu zipandishe zote hadi sauti iliyo chini ya ile unayoitaka kwa hatua tatu za ngazi (do, ti, la, so): kama uzi wa kwanza utakuwa G, usimamishe kwenye D ya chini yake. Kiache kinubi kilale hivyo.

Kesho yake ndipo utuni kweli, yaani ulete kila uzi kwenye noti yake. Programu ya kupimia noti kwenye simu inatosha kabisa. Kwa urefu na unene niliotaja, mimi hutumia G kuwa do: G3, A3, B3, C4, D4, E4, F#4, G4 (herufi ni jina la noti, namba ni oktava yake). Uzi wa kwanza utakuwa na mitetemo 196 kwa sekunde na wa nane 392, mara mbili yake kamili. Ukimaliza wa nane rudi kwa wa kwanza, utaukuta umeshuka. Usidhani kigingi kimeteleza. Kila uzi unaoukaza unaipinda shingo kidogo na kuiinua ngozi, hivyo nyuzi zilizotangulia zinapoteza mvuto. Zunguka tena, na tena. Mzunguko wa nne au wa tano hivi ndipo zinaanza kukubaliana.

Halafu nailoni mpya inaendelea kurefuka yenyewe kwa siku kadhaa. Wiki ya kwanza tuni asubuhi na jioni, na katikati ya hapo shika kila uzi kwa vidole viwili uuvute pembeni polepole mara chache, utamaliza urefukaji wake mapema. Kinubi cha wiki moja nisingekipeleka mbele ya watu. Baada ya wiki mbili hushuka kidogo tu, na hapo wanakwaya wanaweza kuanza kukizoea.

Uzi ukizizima kama nyuki, mara nyingi unagusa ukingo wa tundu lake kwenye ngozi. Panua tundu kwa msharasi, kidogo sana, upande unaogusa. Mkorofishaji mwingine ni ncha ya uzi iliyoachwa ndefu ndani ya kasha, ambayo inagonga mbao: ikate. Sauti hiyo ya kuzizima si kosa kila mahali. Ennanga, kinubi cha Buganda kilichopigwa katika jumba la Kabaka hadi jumba hilo liliposhambuliwa mwaka 1966, hufungwa makusudi vipete vya ngozi ya kenge chini ya kila uzi ili kizizime, na ni sauti tamu sana. Lakini kwa kuongozea kwaya ya sauti nne, mimi naitaka adungu safi, waimbaji waisikie noti bila kubabaika.

Utunzaji wake unafuata hewa. Siku za mvua ngozi inalegea na sauti inashuka, siku za jua kali inakaza na sauti inapanda. Ukiona inapanda, legeza nyuzi, usifurahie. Usikiache kinubi ndani ya gari lililofungwa wala ukutani panapopigwa na jua la mchana. Ukisafiri nacho, shusha nyuzi zote kwa hatua mbili hivi. Na mshipi uliobaki kwenye roli usiutupe wala usiutolee watoto wa kuvulia sato: kata nyuzi 8 za akiba zenye urefu kamili, zifunge mafundo na vijiti vyake kabisa, uzihifadhi kwenye bahasha iliyoandikwa namba ya kila uzi, ndani ya mfuko ule ule wa kinubi.