Chora ramani ya biashara ya Bahari ya Hindi, ukianza na upepo

Nafundisha historia sekondari hapa Dar es Salaam. Kwa miaka mingi nilifundisha biashara ya pwani kama nilivyofundishwa mimi: Waarabu walileta hiki, Wahindi kile, Mreno Vasco da Gama akaja 1498. Wanafunzi walikariri, wakafaulu, wakasahau. Kisha binti mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa mvuvi wa Kigamboni, akaniuliza: "Mwalimu, huyo Da Gama alirudi na upepo gani?" Sikuwa na jibu. Nilipolitafuta, nikabadili namna ya kufundisha mada nzima. Njia ninayoitumia sasa ndiyo hii, na unaweza kuifuata na darasa zima, na wanao nyumbani, au peke yako.

Tafuta karatasi moja ya manila, maka peni nyekundu na ya bluu, rula, penseli, uzi mnene wa mita moja na atlasi yoyote.

Hatua ya 1: Nenda Feri alfajiri

Fika soko la samaki saa kumi na mbili asubuhi, mashua zinapoingia. Ukikuta mzee, shikamoo kwanza, mwache ateremshe samaki wake, ndipo umuulize: "Leo upepo gani?" Atakujibu kwa neno moja, kusi au kaskazi, na pengine atakuonyesha kwa kidevu unakotoka. Mwezi wa Julai utausikia usoni ukigeukia upande wa Kigamboni. Januari unateremka kutoka upande wa Unguja. Litazame tanga limevimba upande gani, uandike tarehe na mwelekeo. Kama ni darasa, kila mtoto aandike mwenyewe.

Waambie pia jambo hili, maana watoto hulipenda: kusini ni kunakotoka kusi, na kaskazini ni kunakotoka kaskazi. Kila tunapoelekezana njia mjini tunataja pepo za mabaharia.

Hatua ya 2: Chora bahari

Tumia skeli ya sentimita 1 kwa kilomita 100. Weka miji hii tu: Sofala (Msumbiji), Kilwa, Malindi, Mogadishu, Aden (Yemen), Hormuz (Iran), Cambay (India, leo Khambhat) na Calicut (India, leo Kozhikode). Dar es Salaam ichore kwa penseli hafifu, kwa sababu mji wenyewe ulianza kujengwa na Sultani Majid miaka ya 1860. Kabla yake hapa palikuwa kijiji cha Mzizima.

Pima Malindi hadi Calicut. Utapata zaidi ya sentimita 42, yaani kilomita 4,200 na ushee za maji matupu.

Hatua ya 3: Paka misimu

Kwa bluu, chora mishale ya kaskazi kutoka Arabuni na India kuja kwetu, uandike Novemba hadi Machi. Kwa nyekundu, chora kusi kutoka kwetu kwenda huko, Aprili hadi Septemba. Sababu yake ni bara la Asia. Kiangazi cha huko nchi kavu hupata joto kali, hewa hupanda, na hewa ya baharini huvutwa kwenda kujaza nafasi yake. Majira ya baridi mambo hugeuka.

Juni na Julai viwekee alama ya hatari karibu na India. Kusi likikaza, bahari ya huko huchafuka na bandari za magharibi ya India zilikuwa zikifungwa. Kwa hiyo vyombo vilitoka kwetu ama kusi linapoanza, ama linapopungua nguvu.

Hatua ya 4: Funga kalenda ya uzi

Kwenye uzi funga mafundo 12, fundo moja kwa mwezi. Sasa mwambie mwanafunzi awe nahodha wa Cambay mwenye vitambaa na shanga. Anaondoka Desemba na lazima awe njiani kurudi kabla ya hatari ya Juni. Asogeze kidole fundo kwa fundo: siku za safari, siku za kupakua, siku za kutafuta pembe za ndovu. Afike wapi?

Hapa usiharakishe. Mwache akwame mwenyewe. Akijaribu kwenda Sofala, kwenye dhahabu ya bara, ataona kaskazi linamwishia mkononi, naye atakwama huku hadi msimu mwingine. Akiishia Kilwa, anawahi. Kutoka Kilwa hadi Sofala kumebaki zaidi ya kilomita 1,300, na kipande hicho kilishikwa na wafanyabiashara wa Kilwa wenyewe, wakaleta dhahabu hadi mlangoni pa mgeni. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji wa fahari chini ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na sarafu yenye jina la sultani huyo imepatikana Zimbabwe Kuu. Ule utajiri unaonekana kwenye uzi wako, kati ya fundo na fundo.

Hatua ya 5: Ipime ramani kwa Da Gama

Kitabu kitakuambia Vasco da Gama alifika India. Ramani yako itakuambia zaidi. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiwa na rubani aliyepewa na mtawala wa Malindi. Tazama mafundo: kusi ndiyo kwanza linaanza. Akafika Calicut tarehe 20 Mei, siku 26 tu. (Vitabu vingi bado vinamtaja Ahmad ibn Majid, baharia Mwarabu, kuwa ndiye rubani huyo. Wanahistoria wengi leo hawakubali, nami sifundishi hivyo.)

Kurudi, hakusubiri. Aliiacha pwani ya India tarehe 5 Oktoba, kaskazi halijashika. Pwani yetu hakuiona hadi tarehe 2 Januari 1499, mbele ya Mogadishu. Siku 89! Watu 30 walikufa kwa kiseyeye njiani, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote, hata wakaichoma moto moja, São Rafael. Alirudi na kaskazi ambalo hakulisubiri, na hilo ndilo jibu nililompa yule binti, nikiwa nimechelewa wiki mbili.

Hatua ya 6: Nenda Kunduchi

Kwenye magofu ya Kunduchi tafuta nguzo za makaburi. Utaona mashimo ya duara kwenye chokaa, ukubwa wa bakuli: humo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China. Pitisha kidole ukingoni, usibandue wala usiokote kipande chochote. Kisha rudi kwenye manila, urefushe mstari wa bluu kutoka Calicut kuelekea mashariki. Kaure ilikuja kwa mikono mingi na kwa misimu kadhaa, bandari hadi bandari.

Hatua ya 7: Pepo za bahari nyingine

Kwenye karatasi ya pili, fanya Pasifiki. Wahispania walijua kwenda Ufilipino kutoka Mexico, lakini kila aliyejaribu kurudi alishindwa hadi mwaka 1565, mtawa na baharia Urdaneta alipopanda kaskazini sana kutafuta upepo wa kumrudisha. Tangu hapo fedha ya Amerika ikavuka bahari ile kwa miaka 250.

Mwisho rudi kwenye ramani ya kwanza, ukingoni magharibi, uandike muhogo na mahindi. Vyote asili yake Amerika, vikaletwa Afrika kwa merikebu za Wareno. Mimi humaliza kipindi hapo, tunatoka nje ya geti kununua muhogo wa kuchoma wenye chumvi na pilipili, na huwauliza: huu ulikuja na upepo gani?