Umevumbua kitu chuoni? Soma hii kabla hujakipeleka kwenye maonyesho

Wadogo zangu wa Mlimani, DIT, Muhimbili, Ardhi na kwingine, naandika hii kwa sababu kila ikikaribia Sabasaba napata meseji zilezile, "kaka nimetengeneza kitu, hataza napataje, mteja napataje" (hataza ndo patent, haki ya kuzuia wengine wasitengeneze wala kuuza uvumbuzi wako), na wengi wanauliza wakati kitu chenyewe wameshakianika kwenye bango na picha za ndani na vipimo vyote, hapo nakosa cha kuwaambia naumia tu.

Yalinikuta mimi. Mwaka wa mwisho chuoni mimi na mwenzangu tulitengeneza kikaushio cha dagaa, mchana kinatumia jua usiku moto wa pumba za mpunga, na ujanja wote ulikuwa kwenye namna hewa inavyozunguka ili dagaa wa trei ya chini wasiungue wakati wa juu bado wabichi. Tukakipeleka kwenye maonyesho, tukapewa cheti, tukapigwa picha, mchoro wa ndani tuliutundika ukubwa wa mlango. Tulivyokuja kuulizia usajili ilishapita karibu miaka miwili na jibu likawa fupi, kitu si kipya tena, na aliyekitangaza ni sisi wenyewe.

Kwaiyo la kwanza kabisa ni kufunga mdomo. Hataza inatolewa kwa kitu kipya, na kipya maana yake hakijawekwa hadharani popote duniani, iwe kwenye jarida, bango, video ya TikTok au tasnifu iliyowekwa onlaini na maktaba ya chuo. Marekani wanakupa mwaka mmoja baada ya kutangaza mwenyewe, ila Ulaya hawana huo msamaha na nchi nyingi ni hivyohivyo, usiweke matumaini hapo. Tasnifu yako ina siri? Ongea na supavaiza mapema mwombe chuo kicheleweshe kuiweka wazi mpaka ombi liwe limeshaingia. Na ukilazimika kumwonyesha mtu, fundi wa karakana za mtaa wa Gerezani au mwekezaji, andikishaneni karatasi ya kutunza siri kwanza, hata ukurasa mmoja unasaidia.

Pili, jua kitu ni cha nani. Hapa urafiki unavunjika kweli. Umetumia maabara ya chuo, hela ya mradi ya mfadhili, wazo la mwalimu, halafu unaenda kuandika jina lako peke yako, hapana. Soma sera ya chuo ya miliki bunifu, yaani haki juu ya kazi za akili, soma mkataba wa mfadhili, kaeni mezani mkiwa bado mnapendana muandike nani mvumbuzi, nani mwenye mali na hela ikiingia inagawanywaje. Na mwanafunzi usikubali jina lako lifutwe kwenye orodha ya wavumbuzi kwa kuogopa kufelishwa, nenda ofisi ya ubunifu ya chuo chako ukaulize kwa heshima tu.

Tatu, tafuta kama kuna aliyekutangulia. Hii ni bure, bando lako tu. Ingia tovuti za kutafutia hataza, Google Patents, Espacenet na PATENTSCOPE ya WIPO (shirika la miliki bunifu duniani), tafuta kwa Kiingereza kwa majina tofautitofauti ya kitu hichohicho, na tumia zile alama za makundi ya hataza, mfano mambo ya kukausha vitu yako F26B. Mimi nilitumia jioni tatu na niliumia kukuta kuna watu walishafanya nusu ya tulichokiita chetu. Ila kuna faida ambayo wengi hawaijui: hataza ina mipaka ya nchi, kilichosajiliwa Japani au Marekani tu hakijalindwa Tanzania, na kilichoisha muda wake ni cha kila mtu, unaruhusiwa kukitengeneza hapa Dar na kukiuza hapahapa. Mkombozi wako anaweza kuwa mchoro wa mtu wa mwaka 1985.

Sasa usajili wenyewe. Bara unaenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, Zanzibar wana ofisi yao na sheria yao, kusajili huku hakukulindi kule. Si kila kitu kinaingia kwenye hataza: programu ya kompyuta yenyewe inalindwa na hakimiliki, hiyo ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mbegu mpya ina sheria yake ya haki za wagunduzi wa mbegu, na fomula ya hesabu au njia ya kufanya biashara haiingii kabisa. Kama kitu chako ni kifaa rahisi kilichoboreshwa, usikimbilie hataza kubwa, uliza ile ndogo ya yutiliti modeli, masharti yake ni mepesi ila muda wake mfupi, kwa mashine nyingi za mafundi wetu hiyo inatosha.

Kazi ngumu ni kuandika maelezo, hasa sehemu ya madai, yaani zile sentensi zinazosema mpaka wa shamba lako uko wapi. Ukiandika "kikaushio chenye feni mbili" jirani ataweka feni tatu na huna cha kumfanya. Ukiandika kwa upana mno utakataliwa kwa sababu unadai na vya wenzio. Hapa ndipo hela inakoenda, na wanaojua kuandika madai vizuri ni wachache nchini, hili ni tatizo letu kubwa kuliko hata ada. Anzia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, pale Kijitonyama, uliza msaada wa miliki bunifu na mafunzo, nenda na rasimu yako mkononi, usiende mikono mitupu ukasema una wazo.

Ukishawasilisha tu, saa inaanza kuhesabu. Una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine ukitumia tarehe ileile ya kwanza. Kwa majirani kuna ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika, makao yake Harare, ombi moja unachagua nchi wanachama unazotaka, Kenya, Uganda, Malawi, Zambia, ila Afrika Kusini na Nigeria hazimo. Dunia nzima kuna PCT, mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza, na watu wanadhani hiyo ni hataza ya dunia, haipo hiyo kitu, PCT inakununulia muda tu, mpaka mwezi wa 30 hivi ndo uingie kila nchi kwa hela yake. Mtanzania anapunguziwa asilimia 90 ya ada ya kimataifa, idai hiyo haki. Na kuna ada za kila mwaka, ukisahau kulipa ulinzi unakufa, kwaiyo chagua nchi ambazo kweli utauza.

Ndo maana nasema soko litafute kabla hujamwaga hela, na inawezekana bila kutoa siri: uliza shida, usionyeshe dawa. Baada ya kuumia kwenye kile cha kwanza nilienda Kunduchi kukaa na akina mama wanaokausha dagaa, sikubeba mchoro wowote, niliuliza tu mvua ikinyesha mnapoteza ndoo ngapi, mtaji mnatoa wapi, nani anawanunulia. Nikagundua kikaushio chetu kilikuwa kikubwa, cha bei mbaya, na hakuna mmoja pale mwenye uwezo wa kukinunua hata kwa mkopo wa kikoba. Muda wote ule wa maabara na hatukuwahi kuuliza hilo.

Kibali cha kuuza pia ni habari nyingine. Hataza inamzuia mwenzio, haikuruhusu wewe. Chakula na mashine utaonana na TBS (shirika la viwango), dawa na vifaa tiba TMDA (mamlaka ya dawa), na hiyo safari inaweza kuwa ndefu kuliko ya hataza, iweke kwenye bajeti mapema.

Halafu amua utauzaje. Unaweza kumpa mwenye karakana leseni akakulipa mrabaha kwa kila kipande, lakini weka kwenye mkataba haki ya kukagua vitabu vyake. Unaweza kutengeneza mwenyewe, SIDO, shirika la viwanda vidogo, watakusaidia kwenye ufundi na mafunzo. Au uza huduma badala ya kifaa. Mwangalieni Dk. Askwar Hilonga wa Arusha, Nanofilter yake, chujio la maji, ilichukua Africa Prize for Engineering Innovation mwaka 2015, na hakuishia kuuza chujio tu, kuna vituo ambako watu wanauza maji yaliyochujwa, mama ananunua ndoo, hanunui mashine.

Mimi lile la vituo ndo nililibeba. Safari ya pili Kunduchi sikuuliza tena wangenunua kwa shilingi ngapi, niliuliza kukausha ndoo moja wakati wa masika wangelipa ngapi, na mama mmoja akanijibu palepale bila hata kufikiri, akanitajia bei, akaniuliza naanza lini. Ombi la hataza la kikaushio kipya nilichotengeneza baadaye liliingia wiki tatu kabla sijawasha moto mbele yao.