Jinsi ya Kuchagua Tramu Itakayostahimili Chumvi na Masika ya Mombasa

Mhandisi atakayeandaa zabuni ya tramu, yaani treni nyepesi za umeme zipitazo relini katika barabara za mji, kwa ajili ya Mombasa ataletewa magari mengi yaliyobuniwa kwa miji ya theluji, naye asiyakatae yote kwa sababu hiyo. Vipasha joto vya milango havina kazi hapa, kwa hiyo viondolewe pamoja na bei yake. Hata hivyo, miji hiyo humwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, na gari lililodumu huko limekwisha kupambana na kutu. Tofauti ni kwamba kwao chumvi hurushwa kutoka chini kwa miezi michache, ilhali kwetu kaskazi na kusi huileta mwaka mzima hadi juu ya paa. Aliyeezeka mabati karibu na ufuo wa Nyali hahitaji kuelezwa.

Uchunguzi uanzie chini ya gari. Pale alumini inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa, hivyo muuzaji aonyeshe jinsi alivyozitenganisha metali hizo kwenye kila kiungo na kila bolti. Mhandisi adai matokeo ya jaribio la ukungu wa chumvi, ambamo kifaa hunyunyiziwa maji ya chumvi kuona kama kitashika kutu, kwa masanduku ya umeme na viunganishi vya kebo, kwani kipande cha bati kilichopakwa rangi hakithibitishi lolote kuhusu gari zima.

Sakafu ya chini, takriban sentimita 35 juu ya reli, huwafaa wazee na walemavu, lakini mota na gia hubaki karibu na magurudumu, ambako maji huzifikia kwa urahisi. Kwa sababu ya mafuriko ya masika, mkataba utaje kina cha maji ambacho gari linaweza kupita na mwendo unaoruhusiwa. Kiyoyozi nacho kipimwe katika joto lenye unyevu, gari likiwa limejaa na milango ikifunguliwa kila kituo. Kilichofaulu jangwani bado hakijajaribiwa.

Vipuri viingizwe katika mkataba huohuo. Addis Ababa ilizindua treni zake nyepesi mwaka 2015, na baadaye nyingi zikasimama, ukosefu wa vipuri ukiwa miongoni mwa sababu.

Kabla ya kutia saini, kamati ya zabuni izuru Casablanca, Morocco, ambako tramu zimekuwa zikipita kando ya Atlantiki tangu 2012. Iombe gari lililotumika muda mrefu zaidi liinuliwe karakanani na vifuniko vyake vifunguliwe, kisha iwahoji mafundi wanaolihudumia, muuzaji akiwa hayupo.