Jinsi ya Kuchagua Malighafi ya Kuchapisha Viunzi vya Mfupa

Kabla ya kuwasha printa ya pande tatu, amua kiunzi (umbo lenye vitundu linaloshikilia seli huku mfupa mpya ukikua) kitakaa wapi mwilini na kitabeba uzito gani, kwa sababu malighafi inayotosha kuziba pengo dogo la fuvu haiwezi kutegemewa katika mfupa wa paja. Ganda gumu la mfupa huhimili mgandamizo wa takriban megapaskali (kipimo cha shinikizo) 100 hadi 200, ilhali sehemu ya ndani yenye vitundu huhimili 2 hadi 12 hivi. Viunzi vya polima (aina ya plastiki) vyenye vitundu hulingana na sehemu hiyo ya ndani, si ganda; penye uzito mkubwa bado patahitajika bamba la chuma.

Jambo la pili ni muda, kwani kiunzi hutakiwa kupungua polepole huku mfupa mpya ukishika nafasi yake. Polima iitwayo polikaprolaktoni (PCL) hudumu miaka 2 au zaidi. PLGA, polima nyingine inayovunjika mwilini, inaweza kuisha ndani ya miezi michache, na inapovunjika huacha asidi ambayo, ikirundikana, huwasha tishu za jirani.

Kwa anayeanza, napendekeza PCL iliyochanganywa na unga wa trikalsiamu fosfati ya aina ya beta (madini ya kalsiamu na fosfati), kwa uwiano wa 80 kwa 20 wa uzito. PCL huyeyuka kwenye nyuzijoto 60 tu, hivyo huchapika kwa urahisi, lakini yenyewe haipendi maji na seli haziishiki vizuri. Unga huo huipa uso wenye mikwaruzo pamoja na kalsiamu na fosfati. Haidroksiapataiti, madini mengine ya kalsiamu na fosfati, pia inafaa, ila huyeyuka mwilini polepole zaidi.

Chekecha unga kwanza, kwa kuwa chembe kubwa huziba pua ya printa. Ukichanganya kwa kutumia klorofomu, kimiminika kinachoyeyusha PCL, fanya hivyo ndani ya kabati linalofyonza mvuke, kisha kausha hadi klorofomu yote itoke, maana mabaki yake huua seli. Panga nyuzi zikiachana kwa maikromita 300 hadi 500, ili mishipa ya damu ipate njia, na ugeuze kila tabaka kwa digrii 90. Kulowesha kiunzi katika sodiamu haidroksaidi, kisha kukisuuza vizuri, hukifanya kipokee maji.

Katika kuua vijidudu, usikitie kwenye otoklevu (chombo cha mvuke wa moto): nyuzijoto 121 zitakiyeyusha. Tumia gesi ya ethilini oksidi au mionzi ya gama. Ethanoli ya asilimia 70 husafisha, lakini haiui spora (vijidudu vilivyojifungia katika ganda sugu).

Seli hai hazichanganywi na polima ya moto. Hizo huchapishwa ndani ya haidrojeli (ute mzito wenye maji mengi), kwa mfano aljineti inayogandishwa kwa kalsiamu kloridi. (Aljineti hutokana na mwani wa kahawia, mwani unaolimwa Zanzibar ni wa kundi jekundu na hutoa karajinani, kwa hiyo usidhani kimoja kitafanya kazi ya kingine.)

Hatimaye loweka kiunzi katika kimiminika cha kukuzia seli kwa saa 24 kwenye nyuzijoto 37, kisha jaribu kimiminika hicho juu ya seli kwa kufuata ISO 10993-5, kiwango cha kimataifa cha kupima iwapo kifaa cha tiba kina sumu kwa seli. Zikibaki hai chini ya asilimia 70 ukilinganisha na zile za ulinganisho, chunguza kwanza mabaki ya klorofomu na ya sodiamu haidroksaidi kabla ya kuilaumu malighafi.