Jinsi ya Kuishi kwa Kupiga Ngoma na Kutunga Muziki Ukiwa Kisumu

Mpiga ngoma asiye na bendi yake huitwa kazini mara ya pili na mpiga besi, yule wa gitaa la sauti nzito. Mwimbaji ndiye mwenye picha kwenye bango na ndiye anayeongea na mteja, lakini mtu wa ngoma akikosekana Alhamisi jioni, mwimbaji humgeukia mpiga besi na kumuuliza: tumwite nani? Basi kama unataka kuishi kwa kazi hii, mdogo wangu, jifunze kumsikiliza huyo. Mguu wako wa kulia uende na vidole vyake. Mbwembwe za mikono hushangiliwa, ila sijaona zikimletea mtu simu.

Kwetu huku mtindo mmoja hautoshi. Ijumaa utapiga rumba hotelini, Jumamosi uko kwenye harusi Kakamega, Jumapili asubuhi kanisa linakusubiri.

Anza na benga, muziki wa gitaa wa Waluo, maana hapa Nyanza ndipo kwao. Gitaa la solo hujibizana na mwimbaji, na uchezaji wake wa vidole umetoka kwenye nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Besi nayo haikai kimya. Katikati ya maneno yote hayo, ngoma ya mguu hugonga mapigo yote manne, kwa kasi, bila kuyumba. Vijana wengi hujaza kila pengo na kuziba gitaa. Acha pengo lilivyo. Tafuta rekodi za D.O. Misiani na bendi yake, Shirati Jazz, uchague wimbo mmoja, uufuate kwa kusikiliza besi peke yake mwanzo hadi mwisho.

Rumba inataka subira. Beti huimbwa taratibu, nawe unatulia, mpaka sebene, sehemu ya magitaa ya kuchezea dansi, ifunguke na watu wainuke vitini. Hapo ndipo utahitaji cavacha, mdundo ambao bendi ya Kongo, Zaiko Langa Langa, iliueneza miaka ya 1970 na ambao bendi za Kenya ziliuchukua zikaufanya wao. Ukiharakisha kabla ya sebene umeiua.

Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Uluhyani, ina heshima zake. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na kila moja ina kauli yake. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Usiinakili kwenye seti ya kisasa kwa kutazama video. Nenda Kakamega, waamkie wazee wanaoipiga, ukubali ngoma utakayopewa, ukae kwenye mdundo huo mmoja hata kama mkono unawaka. Ukishaelewa jinsi ngoma tatu zinavyoachiana nafasi, hata benga yako itabadilika.

Nyumbani, zoezi ninalolithamini kuliko yote halina kelele. Weka metronomu ya simu, programu inayohesabu mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika. Piga mguu peke yake dakika kumi, ukilenga sauti ya metronomu imezwe na pigo lako. Ukifaulu, ichukulie sauti hiyo kuwa pigo la pili na la nne, wewe ujaze la kwanza na la tatu. Ni zoezi gumu kuliko linavyosikika. Ukiliweza, umeme ukikatika jukwaani na bendi ibaki na ngoma tu, wimbo hautaanguka.

Kwenye kumbi nyingi utakuta seti iliyochoka. Beba sinea yako (ngoma ndogo yenye nyaya chini), pedali yako, vijiti vya akiba, ufunguo wa ngoma, utepe wa kunata na kipande cha zulia ili ngoma ya mguu isiteleze kwenye vigae. Kaza skrubu za ngozi ya ngoma kwa kuruka upande hadi upande, usizunguke kwa mpangilio. Kisha bonyeza katikati kwa kidole kimoja na ugonge taratibu karibu na kila skrubu. Sauti ikitofautiana, rekebisha hapo. Fika mapema kwa ajili ya jambo hili peke yake. Mpiga besi ataliona.

Kuhusu malipo, maelewano yote yaandikwe kwenye ujumbe wa simu: tarehe, saa za kupiga, nauli, chakula, na nusu ya pesa iingie M-Pesa kabla hujapanda matatu. Hata kwa rafiki.

Sasa utunzi. Harusi hujaa Desemba na kupungua sana Januari, na hapo kalamu ndiyo hulisha nyumba. Kwaya zinataka nyimbo mpya, shule zinajiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, redio na mashirika yanataka muziki wa matangazo. Mpiga ngoma ana faida hapa: anza na mdundo, uimbe besi juu yake, urekodi kwenye simu, halafu ndipo utafute maneno. Kila rekodi uipe jina na tarehe.

Ila soma sheria. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi uliyoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Watunzi wengi hawalijui hili, na linaniuma, maana haki zako za wimbo zingelindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Kwa hiyo andika mapema: mteja anaruhusiwa kuutumia wapi, kwa muda gani, na nani anabaki mwenye wimbo. Sajili kazi yako kwa KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Kumbuka pia kwamba haki ya mtunzi na haki ya mpigaji ni mbili tofauti, na ukiwa umetunga na kupiga unastahili zote. Vyama vya kukusanya mirabaha hupewa leseni na KECOBO, kwa hivyo uliza kwanza nani ana leseni mwaka huu kabla ya kujiunga.

Na ukiingia studio kumpigia mtu mwingine, hakikisha jina lako limeandikwa kwenye orodha ya wapigaji kabla hujaondoka. Mwombe prodyuza akutumie orodha hiyo papo hapo, ukiwa bado umeshika vijiti.