Kijana ana tiketi ya polisi na bado anaendesha gari lako Georgia? Anza na hiyo karatasi ya bima

Wazazi wenzangu wa Atlanta, Marietta na huku kote, mwaka jana kijana wangu wa miaka 17 alishikwa I-75 akienda 93 mahali pa 65. Hiyo ni maili 28 juu, yaani pointi 4 za makosa kwenye leseni, na huku Georgia kama hujafika miaka 21 kosa moja la pointi 4 linatosha leseni kusimamishwa. Juu yake kuna dola 200 za Super Speeder, faini ya ziada ya jimbo kwa mwendo mkali sana, hizo zinakuja kwa barua yake baadaye, na watu wanaisahau wakidhani walishamaliza kotini. Hayo yote tulilipa yakaisha, lakini kilichoninyima usingizi ni bima.

Toa karatasi yako saa hii, ule ukurasa wa kwanza wenye majina ya madereva, uangalie kama umeandikwa 25/50/25. Yangu ilikuwa hivyo miaka yote na nilijiona niko sawa manake ndicho kiwango cha chini cha sheria. Maana yake bima italipa mpaka dola 25,000 kwa mtu mmoja aliyeumizwa, 50,000 kwa wote walioumia kwenye hiyo ajali, na 25,000 kwa magari na mali ya watu. Sasa chukua mtu mmoja amevunjika nyonga, ambulensi, upasuaji, siku kadhaa amelazwa, bili inafika 180,000. Bima inatoa 25,000 yake, zile 155,000 zinabaki zinatafuta mwenyewe.

Na mwenyewe anaweza kuwa wewe, hata kama ulikuwa kazini nait shifti. Mahakama za Georgia zina kanuni inaitwa family purpose: ukiweka gari kwa matumizi ya familia, na mtoto anayeishi kwako akalitumia kwa ruhusa yako, unahesabika kama wewe ndiye uliyemtuma, hata kama alikuwa anaenda kula baga na marafiki. Kuandika gari kwa jina lake peke yake hakukuokoi, wanaangalia nani ana usemi juu ya hilo gari. Halafu wakili wa aliyeumia anaweza kuja na hoja nyingine, kwamba ulimpa gari mtu unayejua ni hatari, na ushahidi wake ni ile tiketi uliyoilipa kwa mkono wako. Kama mnahamia California au Florida mjue kule sahihi ya mzazi kwenye fomu ya leseni ya mtoto yenyewe tu inakubebesha dhima.

Kwa hiyo kwanza usimfiche kijana. Najua wengi hawamwandiki ili bili isipande, lakini bima inataka kila mwenye leseni anayelala kwako, na huyo mpwa aliyetoka nyumbani juzi akapata leseni pia yumo. Siku ya ajali wakigundua ulificha wana sababu ya kukataa kulipa. Ajenti anaweza kukuambia mtoe kijana kabisa kwenye kava kwa maandishi, bei itashuka vizuri, lakini siku akichukua ufunguo hata dakika tano kwenda dukani hakuna bima yoyote hapo. Mimi nilikataa.

Pili pandisha namba. Omba 250/500/100, halafu uulize ambrela ya milioni moja, ile inayoanza kulipa pale bima ya gari inapoishia, na kampuni nyingi hazikupi ambrela mpaka hizo za chini ziwe juu. Wakikataa kwa sababu ya tiketi, tafuta ajenti wa kujitegemea anayeuza kampuni nyingi. Pesa ya kulipia hayo itoe kwingine: ongeza kile kiasi unachotoa mwenyewe gari lako likigongwa, mpe kijana lile gari kuukuu, peleka ripoti ya shule kama wastani ni B, kubali kile kifaa kinachopima anavyofunga breki. Mbavu za gari lako unaweza kuzitengeneza polepole, deni la mtu aliyelemaa hulimalizi.

Kama amefika 18 na anapelekea watu chakula kwa apu, sema kwa ajenti, manake bima ya kawaida kwa kawaida haigusi ajali ya kazi hiyo.

Nyumbani ufunguo unakaa kwangu. Mwenye leseni ya Class D, ile ya vijana kabla ya leseni kamili, haruhusiwi barabarani saa sita usiku mpaka kumi na moja alfajiri, na miezi 6 ya kwanza habebi mtu asiye wa familia. Leseni ikirudi mimi nitaianza upya hiyo miezi 6 hata kama sheria hainidai. Vijana wa 16 hadi 19, kwa kila maili, wanapata ajali za vifo karibu mara tatu ya watu wazima, na mimi nina huyu mmoja tu.

Ajali ikitokea piga simu kwa bima siku hiyo hiyo. Na ikija barua ya wakili inayosema atakubali kiasi cha bima yako na kumaliza kesi, usiiweke juu ya friji. Barua kama hiyo inaweza kuipa bima siku 30 tu, na ikiikataa bila sababu ya maana hukumu inayozidi kava inaweza kuangukia kampuni badala yako. Ipige picha, itume kwa imeili ili tarehe ibaki, kisha piga simu uulize jina la aliyeipokea.