Hamira yako imelemewa? Iulize HAC1

Umeitia hamira jeni ya protini ya kigeni, na protini haitoki. Wengi hukimbilia kuagiza jeni nyingine. Mimi huiuliza seli kwanza.

Protini ya kutolewa nje hukunjwa ndani ya retikulamu ya endoplazmi, mtandao wa utando ulio ndani ya seli. Zisizokunjika zikirundikana humo, Ire1, protini inayohisi mrundikano huo, hushtuka na kukata kipande cha herufi 252 kutoka mRNA (nakala ya RNA inayobeba maagizo ya protini) ya jeni ya HAC1, kisha ncha mbili huunganishwa. Kipande hicho kikiwamo, mRNA haitafsiriwi. Kikiondolewa, protini ya Hac1 hutengenezwa, huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za wasaidizi wa kukunja, kama KAR2 na PDI1. Mkato huo unaonekana kwa jeli ya kawaida. Herufi 252 ni za Saccharomyces cerevisiae, ile ile ya mandazi. Ukitumia Pichia, hamira ya aina nyingine, pima upya.

Hatua ya 1. Kuza hamira yenye jeni yako na nyingine yenye plazmidi (duara dogo la DNA linalobeba jeni) tupu. Kama promota (swichi ya jeni) ni GAL1, anza na sukari ya rafinosi, kwa sababu glukosi huizima. Kisha tia galaktosi asilimia 2, nyuzijoto 30. Chupa ya tatu, ya plazmidi tupu, itie DTT (kemikali inayovuruga ukunjaji wa protini) ya milimola 2 kwa saa moja: hii lazima ishtuke.

Hatua ya 2. Vuna baada ya saa 2, 4 na 8, na upoze papo hapo. Mashine yetu ya barafu hapa Kisumu ilipokufa, tulinunua barafu ya wauza samaki Dunga. Chumba kilinuka mbuta siku nzima, lakini RNA ilitoka safi.

Hatua ya 3. Toa RNA kwa fenoli ya moto, nyuzijoto 65, ndani ya kabati la kuvuta hewa. Dirisha wazi halitoshi.

Hatua ya 4. Safisha kwa DNase, kimeng'enya cha kuharibu DNA, halafu gawa kila sampuli mara mbili: nusu ipe kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA, nusu inyime. Usiruke hapa. DNA ya jenomu nayo ina zile herufi 252, kwa hiyo mstari wake hukaa palepale pa mRNA isiyokatwa. Nilipoteza wiki mbili nikiamini hamira yangu imetulia, kumbe nilikuwa natazama uchafu.

Hatua ya 5. Fanya PCR (kuzidisha nakala za DNA) kwa praima, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala, zilizo pande zote mbili za kipande, uendeshe jeli ya agarosi asilimia 2. Mstari wa juu haujakatwa; wa chini umekatwa.

Mstari wa chini ukitokea kwa jeni yako na kwa DTT tu, seli imelemewa: shusha joto hadi nyuzi 20 au 25, punguza nakala za jeni, au ongeza PDI1. Usipotokea kwa jeni yako, tatizo liko kwingine. Anza kwa kuangalia kama mRNA ya jeni hiyo ipo. Ukitokea hata kwa plazmidi tupu isiyotiwa DTT, jeli hiyo haikuambii lolote kuhusu jeni yako. Mwaga, kuza upya.